Petroli ya Harusi ya Nthoki

Watu wa mtaa wa Jericho hawajui kunyamaza, na jambo walilomteta Muindi kwa miaka ishirini lilikuwa mtungi mmoja wa chuma. Mtungi huo ulikaa uani kwake, ndani ya kijumba cha mabati alichokijenga mwenyewe, umefunikwa gunia la katani alilolilowesha maji kila siku ya jua kali. Ndani mlikuwa na lita ishirini za petroli. Si petroli hii yenu ya siku hizi, angekwambia kabla hujauliza. Hii ilikuwa ya risasi, yaani iliyotiwa madini ya risasi kama zamani, na aliipangia foleni katika wiki ya mwisho ya mwaka 2005, kabla serikali haijaiondoa kabisa sokoni. Nthoki, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka sita siku hiyo. Alikaa kiti cha nyuma akila ndizi, na baba yake alipokifunga kifuniko alimwambia kwamba mafuta hayo ni ya siku ya harusi yake.

Mkewe aliyachukua maneno hayo kama mzaha, akakosea. Muindi aliziba kifuniko kwa mpira wa tyubu na nta ya mishumaa, akaandika tarehe kwa rangi nyekundu, na tangu hapo kila Pasaka aliutikisa mtungi karibu na sikio ahakikishe haujapungua. Mama Nthoki alihamishia jiko lake la makaa upande wa pili wa ua, akapikia huko miaka yote hiyo, mvua ikimpiga mgongoni. Majirani waliapa kwamba ipo siku mstari mzima wa nyumba utaruka hewani. Haukuruka, na Muindi aliona huo ni ushahidi kwamba anajua anachofanya.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 404 jeupe la mwaka 1968. Muindi alikuwa dereva wa wizara, na siku wizara ilipoyapiga mnada magari yake makuukuu, wenzake walitumia akiba zao kununua mashamba, yeye akarudi nyumbani na gari. Usimcheke upesi. Alilitunza kama mboni ya jicho, akalipaka rangi upya kwa mkono wake, na alipostaafu likawa gari la maharusi la mtaa mzima. Binti wa Jericho akiolewa kanisani, alikwenda na 404 ya Muindi, riboni zimefungwa kwenye boneti na Muindi mwenyewe kwenye usukani, amevaa glavu nyeupe. Maharusi kumi na tisa aliwafikisha salama, na wote kumi na tisa aliwapeleka kwa petroli ya kawaida ya kituoni, ile ile wanayonunua watu wote.

Hapo ndipo utakapoona jinsi mtu anavyoweza kuishi na ukweli chumba kimoja wasisalimiane. Maana Muindi hakuiamini petroli hiyo hata kidogo. Mwaka ule risasi ilipoondolewa alimsikia mtaalamu mmoja redioni akieleza kwamba injini za zamani zilitegemea risasi ilainishe viti vya valvu, yaani pale valvu zinapokaa zikijifunga, na bila hiyo vitaliwa polepole mpaka injini ife. Muindi alizima redio, akatoka nje, akafungua boneti akaitazama injini yake kama mgonjwa aliyeletewa majibu mabaya kutoka maabara. Tangu siku hiyo hakuendesha kwa raha. Kila alipojaza mafuta alimimina kifuniko kimoja cha dawa ya chupa aliyouziwa na wauza spea, kisha akaendesha huku ametega sikio, akingoja kifo ambacho hakikuja. Kwa maharusi wa watu aliona si vibaya kubahatisha. Kwa Nthoki hakutaka kubahatisha.

Sasa nikwambie kwa nini harusi ya Nthoki ilimkaa rohoni namna ile. Muindi alikuwa dereva wa mkubwa mmoja kwa miaka thelathini na moja, na dereva wa mkubwa hana siku yake. Usiku Nthoki alipozaliwa alikuwa Garissa na mkubwa. Siku binti huyo alipoimba peke yake mbele ya shule nzima, Muindi alikuwa nje ya ukumbi wa shule nyingine, akilinda gari huku mkubwa akimpigia mwanawe makofi. Hakupata kulalamika, maana kazi ilikuwa ndiyo iliyomlisha mtoto. Ila alijiwekea ahadi moja moyoni. Katika kanisa lao baba humshika binti mkono, humwingiza taratibu mpaka mbele, na mchungaji huuliza ni nani anayemtoa binti huyu aolewe. Baba hujibu. Ni maneno machache tu, lakini Muindi alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea tangu mbuzi wa posa walipoletwa. Hiyo siku moja haikuwa ya mkubwa. Ilikuwa yake.

Siku ya Alhamisi alilipeleka gari kwa Ondiek, fundi wake wa Kariobangi, likaguliwe mara ya mwisho. Ondiek alitoa plagi, akazitazama, akapima nafasi za valvu, akasema gari halina neno. Hapo Muindi, kwa furaha, akamwambia habari za mtungi. Ondiek aliweka spana chini, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya mteja akiongea.

"Mzee, hiyo kitu usiweke," alisema. "Mafuta inakufanga. Miezi sita, mwaka, imeisha. Hiyo yako iko na miaka ishirini."

"Imezibwa kwa nta," Muindi akajibu.

"Hata uzibe na simiti, itafia huko ndani."

Kisha Ondiek akamweleza kwa upole mambo ambayo, haki ya Mungu, yangemwokoa. Alimwambia kichwa cha injini ile ni cha aluminiamu, na viti vya valvu vilivyopachikwa humo ni vya chuma kigumu, kwa hiyo risasi haikuwa na kazi kubwa humo hata zamani. Alimwonyesha vipimo: miaka ishirini ya petroli ya kawaida, na valvu zimekaa vizuri kana kwamba zilifungwa jana. Akamsihi aende kituo chenye wateja wengi, mafuta yasiyolala kwenye tangi la chini, atie super, yaani petroli ya kawaida, nusu tenki, aende harusini akacheze.

Muindi alimshukuru na hakuamini hata neno moja. Njiani kurudi nyumbani alijenga hoja zake vizuri. Ondiek ni fundi hodari, hilo hakulikataa, lakini ameanza kushika spana wakati risasi imekwisha kuondoka. Hajapata hata kuinusa. Mtu anawezaje kumsema vibaya asiyemjua? Na kama divai ya meza ya Bwana hukaa miaka na ikazidi kuwa nzuri, itakuwaje petroli iliyozibwa barabara, ikakaa kivulini, ioze? Hoja hii ya divai ilimpendeza sana, akairudia kwa sauti mara mbili ndani ya gari peke yake.

Ijumaa jioni aliufungua mtungi. Walikuwapo mkewe na Musau, mdogo wake Muindi, mchongaji wa vinyago aliyekuja mapema kusaidia kazi za harusi. Nta ilibanduka, kifuniko kikagoma, kikapigwa nyundo, kikatoka. Walisimama wakingoja ile harufu kali ya petroli ipande, ile inayowasha pua. Haikupanda. Kilichotoka ni harufu nzito, chachu, na Muindi alipomimina kidogo kwenye bakuli la bati, kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyochemka mno.

"Kaka," Musau akasema, "hii inanuka kama vanishi yetu ya karakana."

"Hiyo ndiyo harufu ya risasi. Wewe umeisahau."

Mama Nthoki alitazama bakuli, akamtazama mumewe, akarudi ndani kumalizia chapati. Baadaye alisema kwamba kama angekuwa na kinywa jioni ile angesema, lakini alipouona uso wa mumewe ulivyong'aa alikosa nguvu. Miaka ishirini amepikia mvuani kwa ajili ya mtungi huo. Na yeye pia, kwa siri, alitaka uwe umefaa kitu.

Muindi alinyonya super yote iliyokuwa kwenye tenki kwa mpira, akampa jirani mwenye jenereta. Akamimina lita zake ishirini polepole, akichuja kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kilipobaki na utando wa manjano alikikunja haraka akakitia mfukoni. Unaniuliza kwa nini hakusimama hapo. Nami nakuuliza, wewe ungesimama? Ukiwa umeshakiweka kitu miaka ishirini, umeshakitetea mbele ya mke na majirani na fundi, na harusi ni kesho?

Akawasha gari. Likawaka mara moja. Injini ilinguruma taratibu, sawa sawa, bila kukohoa, na Muindi akamtazama Musau kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi. Baada ya dakika mbili alilizima ili asipoteze mafuta ya mwanawe. Alichosahau, au tuseme alichokataa kukumbuka, ni kwamba ndani ya kabureta na kwenye bomba mlikuwa bado na super ya juzi, na ndiyo iliyoungua dakika mbili hizo. Tone la mtungi lilikuwa halijafika injini. Alikwenda kulala amefurahi, na nasema bila kumwonea kwamba ndiyo furaha yake ya mwisho katika habari hii.

Jumamosi ilikuja na baridi ya Agosti. Harusi ilikuwa saa nne, kanisani Komarock, karibu na nyumbani kwa akina Frankline, bwana harusi. Kanisa lilikuwa na harusi tatu siku hiyo, na mchungaji alikwishaonya pande zote mbili: bibi harusi asipokuwa mlangoni ifikapo saa nne na nusu, watampisha wa saa sita, nao wangoje mpaka jioni baada ya wote. Chakula kilikuwa kimepangwa, wageni wa bwana harusi kutoka magharibi mwa nchi walikuwa na basi la kurudi nalo. Kwa hiyo Mama Nthoki na Musau walitangulia na basi la akina mama, na nyuma wakabaki watatu tu: Muindi kwenye usukani, na kiti cha nyuma Nthoki na msimamizi wake Elsie, wamezungukwa na gauni jeupe lililojaa mpaka madirishani.

Muindi alimtazama binti yake kwenye kioo. Alimwita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa ndiye aliyebeba jina la mama mzazi wa Muindi. Alitaka kumwambia jinsi alivyopendeza, lakini alijua sauti yake ingevunjika, basi akamwambia gari leo linakunywa kile lilichozaliwa nacho. Nthoki alicheka akasema, "Sawa, baba." Alikuwa amezisikia habari za mtungi maisha yake yote.

Injini iliwaka, mara hii baada ya kubembelezwa. Muindi alisema ni baridi, akavuta choki ili injini ipate mafuta zaidi. Kwenye Rabai Road mambo yalikuwa nafuu. Walipofika Buruburu ikaanza kugonga, kwanza kidogo, kama mtu anayebisha mlango wa jirani, kisha kwa nguvu kila alipokanyaga mafuta. Nyuma yao moshi mweusi ulifuka mpaka mwenye pikipiki mmoja akawapita akiziba pua. Muindi alihisi jasho likimtoka chini ya glavu. Mguu wake ulijua kabla ya kichwa. Miaka thelathini na moja, na mguu haudanganyiki: gari lilikuwa linakanyagwa na haliendi.

Walikuwa wamekwisha kuingia barabara ya Outer Ring na wanapanda mlima wa daraja la kwenda Kangundo Road, pale ambapo njia ni nyembamba, gari moja tu, ukuta huku na ukuta huku. Injini ilikohoa, ikashtuka mara tatu, ikazimika. Muindi alivuta breki ya mkono. Akajaribu stata. Stata ilizunguka vizuri, betri ilikuwa mpya, lakini hapakuwaka kitu. Akajaribu tena, na tena, mpaka Elsie akamgusa bega.

Nyuma yao honi zilianza. Kwanza moja, halafu barabara nzima. Hakuna gari lililoweza kuwapita. Muindi alitoka, akavua koti la suti, akavua glavu, akafungua boneti, akampigia Ondiek simu. Fundi hakumlaumu. Aliuliza jambo moja tu, kama ameweka ile, na Muindi akasema ndiyo, ameweka. Ondiek akamwelekeza afungue kabureta atazame. Muindi alifungua kwa spana aliyoiweka daima chini ya kiti, na ndani akakuta gundi. Ilikuwa nyeusi, nzito, inanata vidoleni kama ulimbo, imeziba tundu ndogo za mafuta zote mbili, na chujio lilikuwa limejaa vivyo hivyo.

"Mzee, hapo barabarani huwezi," Ondiek alisema simuni. "Inataka kufunguliwa yote, mpaka tenki. Toa bibi harusi hapo."

Lakini Muindi alikuwa mtu wa dakika tano. Kila dereva wa zamani ni mtu wa dakika tano. Alipuliza tundu kwa mdomo mpaka midomo ikawa nyeusi, akazichokoa kwa pini aliyoichomoa kwenye riboni za boneti, akafunga, akajaribu, hapakuwaka. Akafungua tena. Nthoki aliteremsha kioo akamwita, akasema waache gari waende. Akamjibu, "Dakika tano, mwaitu." Saa ilikuwa tatu na nusu. Alipoinua kichwa tena ilikuwa saa nne kasorobo, na mbele yake alisimama afisa wa trafiki aliyepanda mlima kwa miguu kutoka makutano.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu ingekuwa rahisi kumfanya mbaya. Aliwatazama wasichana wawili nyuma, akasikitika, akasema amekwisha kuita lori la kuvuta magari na litatoka mbele, maana nyuma hapapitiki. Kisha akaomba leseni ya Muindi, akaiweka mfukoni. Gari limeziba njia ya kupanda daraja, akasema, na dereva hawezi kuondoka mpaka litoke. Lori mojawapo la foleni likishindwa breki huko nyuma likawagonga watu, yeye afisa atamjibu nani, ataulizwa dereva yuko wapi. Muindi alitaka kubishana, lakini sheria hiyo aliijua. Aliwahi kuwafundisha madereva wapya wa wizara sheria hiyo hiyo, neno kwa neno.

Elsie alikuwa ameshampigia Javan, msimamizi wa bwana harusi. Javan alikuja na gari kutoka upande wa Komarock, akaliegesha juu kabisa ya daraja, mita mia mbili kutoka pale. Asingeweza kushuka zaidi. Ilibidi Nthoki apande kwa miguu.

Alishuka, Elsie akimshikia gauni lisiguse lami. Watu kwenye magari ya nyuma waliacha kupiga honi walipomwona. Alikuja mpaka mbele ya boneti, akasimama karibu na baba yake, na Muindi akaona kwamba macho yake yamelowa lakini anajizuia kwa ajili ya rangi ya usoni.

"Mwambie huyo afisa akuache twende," alisema.

"Nimemwambia. Ana haki yake."

"Baba. Mimi sikutaka gari. Nilitaka uje wewe."

Muindi alitaka kumweleza risasi, na viti vya valvu, na foleni ya mwaka 2005, na ndizi aliyokuwa akila. Miaka ishirini ya maelezo ilimjaa kifuani, na yote, alipoyatazama sasa, yalikuwa maelezo ya gari. Alisema tu, "Nenda, mwaitu. Nenda wasije wakampisha mwingine. Nitakufuata."

Nthoki alimwekea paji la uso begani. Muindi alitaka kumkumbatia, lakini mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni, inanata, na gauni lilikuwa jeupe mno. Akaitandaza kando, mbali naye, kama mtu anayepekuliwa mlangoni, akasimama hivyo mpaka binti yake alipoinua kichwa. Kisha akawatazama wakipanda daraja, Nthoki ameinua gauni kwa mikono miwili, Elsie nyuma yake amelishika pindo, mpaka wakawa wadogo, mpaka mlango wa gari la Javan ukafungwa. Hata mara moja hakuyaondoa macho yake hapo. Hakuwa na kingine cha kufanya.

Alikaa na afisa. Walikaa kwenye ukuta wa daraja, na baada ya muda afisa aliuliza, kwa kupitisha wakati, kama ni mafuta. Muindi akasema ndiyo, ni mafuta. Afisa akasema siku hizi watu wanachanganya mafuta na vitu vingi, huwezi kujua unatiliwa nini. Muindi angeweza kukubali. Ilikuwa njia nzuri ya kutokea, na ingekuwa mara yake ya kwanza kuponea siku hiyo. Lakini alitazama mikono yake akasema hapana, nilitia mwenyewe, na hapo tu ndipo sauti ilimvunjika, akageukia upande wa barabara ili afisa asimwone. Afisa alitazama saa yake, akasimama, akaenda kuwaongoza wenye pikipiki wapite kando.

Saa nne na dakika ishirini na tano simu ililia. Ilikuwa ni Musau, ananong'ona. Wamefika. Wameingia. Amemshika Nthoki mkono yeye, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa ukoo, lakini amezungumza na mchungaji, na mchungaji amekubali simu iwekwe wazi kwa kipaza sauti swali litakapoulizwa, ili baba ajibu mwenyewe.

"Kaa hapo hapo, kaka," Musau alisema. "Usikate."

Muindi hakukata. Aliruka kutoka ukutani, akaziba sikio moja kwa kidole, akavaa koti lake la suti upesi bila kujua kwa nini, akasimama wima mbele ya boneti lililo wazi. Alisikia kinanda. Alisikia vigelegele vya akina mama, akakitambua cha mkewe, kirefu kuliko vyote. Alisikia miguu, na mtoto akilia, na mchungaji akisema mambo ambayo hayakusikika vizuri. Magari upande wa pili wa daraja yalikuwa yakipita kwa kasi, na kila lori lililopita lilifagia maneno.

Halafu sauti ya mchungaji ikaja wazi kabisa, kama yuko kando yake.

"Ni nani anayemtoa binti huyu aolewe na mwanamume huyu?"

"Ni mimi," Muindi akasema. "Muindi, baba yake. Mimi na mama yake, kwa furaha."

Aliyasema vizuri, kama alivyoyafanyia mazoezi, bila kukwama hata mara moja. Kisha akangoja. Simuni palikuwa kimya, kimya kirefu cha watu wengi wanaongoja, na mtu mmoja akakohoa. Akajua hawakusikia; ama magari yameimeza sauti yake, ama Musau amekosea kitufe cha simu. Akasema tena kwa sauti kubwa, akapiga kelele, akasema ni mimi, ni mimi, mpaka wenye magari wakatoa vichwa madirishani kumtazama mzee wa suti anayepigia simu kelele juu ya daraja. Akamsikia mchungaji akimwuliza Musau jambo. Akamsikia Musau akisafisha koo.

"Ni mimi," alisema Musau, "kwa niaba ya baba yake."

Kanisa zima likapiga makofi. Makofi yalikuwa mengi, ya kumfariji bibi harusi, na yaliendelea kwa muda mrefu. Muindi aliyasikiliza mpaka yakaisha, na yalipoisha kinanda kikaanza tena, na hakuna aliyekumbuka kwamba simu ingali wazi.

Lori la kuvuta magari lilikuwa limefika, likija kinyumenyume kutoka juu. Kijana wa lori aliruka chini na mnyororo begani, akalizunguka lile gari jeupe na riboni zake, akapiga mluzi wa kulisifu, akauliza mwenye gari ni nani.

"Ni mimi," Muindi akasema, na huyo alimsikia mara moja.